Mkeka wa Kulalia, Paa la Mabua

Mkeka wenyewe ni wa ukindu, una mistari ya zambarau na kijani iliyoanza kufifia, na bibi yangu aliusuka kule Pangani katika miezi niliyokuwa nangoja viza. Nilisafiri nao hadi Marekani ukiwa umeviringishwa na kufungwa kamba. Afisa mmoja wa uwanja wa ndege aliuchungulia ndani kama mtu anayetazama darubini, asione kitu, akanirudishia. Tangu hapo umekuwa kitanda cha wageni, meza ya chakula, na mahali pa kusomea siku ambazo viti vya maktaba vimenichosha.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, mwenzangu wa darasa aliniomba nimsaidie kujenga kibanda nyuma ya nyumba anayopanga. Yeye ni Myahudi, na Sikukuu ya Vibanda ilikuwa imebakiza siku mbili. Waliosoma Biblia ya Kiswahili wanalijua jina hilo: siku saba za kukaa vibandani kukumbuka miaka ya jangwani baada ya kutoka Misri. Kibanda chenyewe kwa Kiebrania huitwa sukka. Tulisimamisha nguzo, tukazungusha turubai la buluu kuwa kuta, kisha tukaanza kutandaza mabua ya mahindi juu, aliyopewa bure na mkulima mmoja nje ya mji. Mabua yakaisha. Pembe moja ikabaki wazi.

"Nina mkeka," nilisema. "Majani matupu. Hauna hata uzi mmoja wa plastiki."

Nilikuwa nimekwisha kuukimbilia na kurudi nao, mguu mmoja uko kwenye ngazi, aliposhika ncha yake.

"Huu huwa mnaulalia?"

"Tunaulalia, tunaukalia, tunakula juu yake."

"Basi hauwezi kukaa juu," alisema, na alionekana kuona aibu kuliko mimi. "Samahani sana. Turubai halina neno. Mkeka hapana."

Nakiri niliumia. Turubai la plastiki la dukani limekubaliwa, kazi ya mikono ya bibi yangu imekataliwa. Tena nilikuwa na sababu ya pili ya kuumia. Muhula ule nilikuwa naandika insha ya semina kuhusu vifaa vya ibada vya Kiyahudi vinavyouzwa kwa jina la kuwa rafiki kwa mazingira: shela za sala za mianzi, vinara vya Hanuka vya vyuma chakavu, mishumaa ya nta ya nyuki badala ya mafuta ya taa yaliyogandishwa. Insha yangu ilisimama juu ya wazo moja jepesi, kwamba cha asili ni chema na cha plastiki ni kibaya, na kwamba dini yoyote ukiichimba vizuri itakwambia hivyo hivyo. Mkeka uliposhuka kwenye ngazi, insha ilishuka nao.

Usiku ule nilifungua Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika mnamo mwaka 200. Kuna sehemu nzima kuhusu vibanda, na sheria iko wazi. Paa lazima litokane na kitu kilichoota ardhini kisha kikakatwa. Mzabibu uliopandishwa juu ukiwa bado na mizizi yake hauhesabiki. Tena kiwe kitu ambacho hakiwezi kupata unajisi, na kwa marabi kinachopata unajisi ni kile ambacho mwanadamu amekwisha kukigeuza chombo. Halafu, kana kwamba walijua nakuja, wanafika kwenye mikeka. Mkeka mkubwa wa matete uliosukwa ili ulaliwe haufai kuwa paa. Mkeka wa matete yale yale, uliosukwa na mkono ule ule, kama ulikusudiwa kuezekea, unafaa.

Kesho yake nilimpigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeshakula?"

Nikamweleza habari yote, kutoka ngazi hadi Mishna. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Nani alikwambia mkeka unaezekwa? Kuezekea ni makuti. Hao wenzio wana akili kuliko wewe."

Kwake halikuwa suala la dini hata kidogo. Makuti hushonwa yakae juu, ukindu husukwa ukae chini, na mtu asiyejua tofauti hiyo hakulelewa. Marabi wa Galilaya na bibi yangu wa Pangani walikuwa wanasema jambo moja: kitu si malighafi yake tu. Kitu ni kazi kilichofanyiwa. Wauzaji wa vifaa vya kijani huanza na swali la kimetengenezwa kwa nini. Hawa wawili waliuliza kwanza kimetengenezwa kwa ajili gani.

Zipo sheria nyingine kwenye sura hizo ambazo zilinipa shida zaidi. Torati inapoitaja sikukuu hii katika Kumbukumbu la Torati sura ya 16, inataja uwanda wa kupuria nafaka na shinikizo la zabibu. Talmudi inasoma hapo agizo kwamba paa litengenezwe kwa masalia ya mahali hapo: mabua, vikonyo, matawi, vile ambavyo mavuno yenyewe yamevikataa. Na kuta? Kuta ziwe za chochote. Talmudi inafika hadi kujadili kama tembo aliyefungwa anaweza kuwa ukuta. Kuhusu mtu asiye na kibanda, ipo kauli ndani ya kitabu hicho hicho kwamba Israeli yote ingeweza kukaa kwenye kibanda kimoja, maana yake cha kuazima kinatosha.

Tusiwavike marabi fulana za wanaharakati. Hakuna aliyekuwa anaiogopa hewa ya ukaa. Lakini tazama matokeo yake: paa la mabaki ya shamba, lenye kikomo cha kimo (dhiraa 20, si zaidi), linalokaa siku saba na kushuka, ambalo maskini analipata kwa bei ile ile anayolipata tajiri, yaani bure. Kama kuna kitu cha ibada kilicho rafiki kwa ardhi, ni hiki, na hakuna aliyekibuni kwa kusudi hilo.

Mtu anayetaka kuona nini hutokea wabunifu wa leo wanapokabidhiwa sheria hiyo, aangalie New York mwaka 2010. Mwandishi Joshua Foer na mwenzake Roger Bennett waliitisha mashindano ya kubuni vibanda, wakayaita Sukkah City. Maombi zaidi ya 600 yaliingia. Jopo likachagua 12, na tarehe 19 na 20 Septemba vibanda hivyo vikasimama Union Square, katikati ya Manhattan, wapita njia waingie na kugusa. Mwaka 2013 Jason Hutt alitoa filamu ya hali halisi kuhusu shughuli hiyo. Nimeitazama mara tatu, ya kwanza kwa ajili ya insha na mbili kwa ajili ya ubishi.

Filamu inawapenda wasanifu wake, na inaonekana. Sina kinyongo na hilo. Ni vijana, wanakesha, wanashona na kupiga misumari, na ukiwa umewahi kukabidhi kazi ya darasa saa nane usiku utawapenda pia. Lakini tusiwaangalie wao, tuangalie mapaa.

Kibanda kilichopigiwa kura nyingi na umma kiliitwa Fractured Bubble, cha Henry Grosman na Babak Bryan. Ni mbavu za mbao nyembamba zilizopinda kama povu lililopasuka, zimefungwa nyuzi na kuvikwa matete ya kinamasi. Matete hayo huko kwao huhesabiwa kuwa mmea mvamizi, kitu ambacho watu hulipwa kukiondoa. Ukikiangalia kwa mbali kinafanana na kichuguu chenye nywele, na nasema hivyo kwa sifa. Hapa wabunifu walilielewa paa: walichukua kitu ambacho mji haukihitaji, wakakipandisha juu ya vichwa vya watu. Ni yale yale masalia ya uwanda wa kupuria, ila uwanda wenyewe sasa ni kinamasi cha mjini.

Jirani yake alikuwa LOG, cha Kyle May na Scott Abrahams: gogo zima la mwerezi limelala juu ya kuta za kioo. Picha yake ni nzuri mno, na ndiyo maana iliniudhi. Gogo limeota ardhini, limekatwa, si chombo. Kwa hesabu ya haraka limetimiza sharti. Lakini marabi walibishana hata kuhusu mbao pana, kwa hofu kwamba zinafanana na dari ya nyumba na mtu atadhani amekwisha kuhamia. Gogo lile linachukua mti mzima ili kuwafanya watu wawili watatu waangalie juu kwa wasiwasi. Wasiwasi ni sehemu ya sikukuu, nakubali. Mti mzima si sehemu yake.

Na kulikuwa na Blo Puff, cha kikundi cha Bittertang, mapovu ya plastiki yaliyojazwa hewa. Nilipokiona mara ya kwanza nilikifutilia mbali kwenye daftari langu kwa neno moja: plastiki. Baada ya kisa cha mkeka ilinibidi nirudi nifute hukumu hiyo. Kuta ziwe za chochote. Swali la haki kwa Blo Puff halikuwa plastiki. Lilikuwa: baada ya siku mbili, mapovu yale yanatumika wapi tena? Turubai la rafiki yangu lina jibu. Nilitamani filamu ikae zaidi na siku ya kubomoa, maana kwa kibanda siku ya kubomoa ni nusu ya maana yake.

Kibanda kinachonirudia hadi leo ni cha nne, Sukkah of the Signs, cha Ronald Rael na Virginia San Fratello. Walinunua mabango ya kadibodi kutoka kwa watu wasio na makazi katika miji mbalimbali ya Marekani, yale mabango ya kuomba chochote kwenye taa za barabarani, wakayafanya kuwa ngozi ya nje ya kibanda. Kwa mizani ya malighafi hakuna kilichokishinda: kadibodi iliyokwisha kutumika mara mbili, kwanza sanduku, kisha ombi. Kwa mizani ya maana pia, sikukuu inayomwambia mwenye nyumba atoke akae nje ilikuwa imeletewa maneno ya wasioingia ndani kamwe.

Hata hivyo nakikubali nikiwa nimeshika kifua. Bango la mtu ni chombo cha kazi yake. Likiondoka mkononi mwake na kugeuka mapambo, aliyeliandika amelipwa mara moja na mbunifu anasifiwa kila picha inapochapishwa. Rael na San Fratello angalau walilipa, na hawakuyaficha maneno. Lakini nilijikuta nikiuliza swali la rafiki yangu kwa namna nyingine: huyu mtu alikuwa analitumiaje? Kama bado alikuwa analihitaji, kadibodi ile haikuwa taka. Sifa ya "kutumia tena" ina tabia ya kuita taka kitu ambacho hakijawa taka kwa mwenye nacho.

Basi nihamie sokoni, ambako nilifanya kosa la wazi.

Baada ya sikukuu nilitaka kumshukuru rafiki yangu. Nimekula kwenye kibanda chake usiku nne, nimekunywa supu ya mama yake, nimefundishwa kushika kuti la mtende pamoja na mhadasi na mierebi. Nikaingia kwenye duka moja la mtandaoni linalouza vifaa vya Kiyahudi "vya kijani" na kununua taliti, yaani shela ya sala, ya mianzi. Picha ilikuwa na msitu wa mianzi wenye ukungu. Bei ilikula posho yangu ya chakula ya wiki tatu. Niliona ni sawa, kwa sababu kwenye Uyahudi lipo wazo la kuipamba amri: ukitimiza jambo la ibada, litimize kwa kitu kizuri. Sikujua wakati huo kwamba Talmudi ililiwekea wazo hilo kikomo cha matumizi, nyongeza ya theluthi moja ya bei kwa ajili ya uzuri. Walijua watu watashindana.

Shela ilipofika niligeuza lebo. Rayoni inayotokana na mianzi, ikachanganywa na poliesta.

Mianzi inayoota haraka bila dawa nyingi ni jambo la kweli. Lakini ili mwanzi ugeuke uzi laini wa kung'aa, mara nyingi husagwa, ukayeyushwa kwa magadi makali na kaboni daisalfaidi, kemikali inayojulikana kwa kudhuru neva za wafanyakazi wanaoivuta viwandani, kisha ukaminywa kupitia vitundu kuwa nyuzi. Mwisho wa safari hiyo hakuna mwanzi tena, kuna rayoni, ile ile ambayo ungeipata kwa kuyeyusha mti mwingine. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilizishtaki kampuni kadhaa za nguo kwa kuiuza rayoni kwa jina la mianzi. Ndiyo maana lebo yangu ilikuwa mkweli kwa herufi ndogo huku picha ya msitu ikizungumza kwa herufi kubwa.

Taliti ya kawaida ya sufu, ambayo babu ya rafiki yangu aliivaa kwa miaka mingi na sasa anaivaa yeye, haina picha ya msitu. Inanuka kabati. Sikuthubutu kumpa yangu. Iko chini ya kitanda mpaka leo, na kila nikifagia inanitazama.

Sisemi soko lote ni uongo. Rafiki yangu huyo huyo ana kofia ndogo ya kufuma, kipa, iliyotoka kwa Waabayudaya, Wayahudi wa mashariki mwa Uganda karibu na Mbale, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Imevuka bahari, haikuandikwa neno lolote kuhusu mazingira, na sioni sababu iandikwe. Mtu aliifuma, mtu mwingine aliivaa mpaka rangi ikakwajuka. Ninachopinga ni ahadi kwamba ukibadilisha malighafi umemaliza kazi. Chukua etrogi, tunda la jamii ya malimau linaloshikwa pamoja na kuti siku za sikukuu. Hakuna kitu cha asili kuliko hicho. Ila linatakiwa liwe zuri, lisiwe na doa, na kwa kuwa mnunuzi hulikagua kwa kioo cha kukuzia, wakulima wengi hulipulizia dawa kwa wingi kuliko tunda la kuliwa. Sikukuu ikiisha, watu wanaotaka kulipika jamu huonyana. Asili kwa asilimia 100, na huwezi kulilamba.

Na makuti ya mitende: sehemu kubwa ya yale yanayotumika Israeli na Marekani ilikuwa ikitoka Sinai, Misri, hadi mwaka 2011 Misri iliposimamisha kuyauza nje na wauzaji wakahaha. Kinachohitajika ni kuti changa lililofumba, kutoka moyoni mwa mti. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa nini kinatokea ukiuandama mno moyo wa mti wa aina hiyo.

Kuna sheria moja ambayo wauzaji wa vifaa vya kijani wangepaswa kuibandika ukutani, na sijaona anayeitaja. Talmudi inagawanya vitu vya ibada katika makundi mawili kulingana na kinachowapata vikizeeka. Vilivyobeba maandishi matakatifu na vinavyoyafunika, kama vile tefilini, mezuza na mifuko ya vitabu, huhifadhiwa na kuzikwa. Vilivyotumika tu kutimizia amri, kibanda, kuti la mtende, baragumu la pembe, vishada vya shela, vinaweza kutupwa.

Kundi la kwanza ndilo lililotupa geniza, chumba cha kuwekea maandishi yaliyochakaa. Kutoka sinagogi la Ben Ezra la Kairo, Solomon Schechter alibeba hadi Cambridge, mwaka 1897, vipande zaidi ya 190,000, na ndani yake zimo barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliolalamikia pilipili na meli zilizochelewa. Wanafunzi wa historia ya bahari yetu bado wanakula kutoka chumba hicho cha takataka takatifu. Torati yenyewe huandikwa juu ya ngozi ya mnyama, kwa wino ambao kwa kawaida hupikwa kwa vinundu vya mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, mti ule ule wa miiba unaosimama kuanzia Sudan hadi kaskazini mwa Kenya. Wapo wanaouliza kama ngozi hiyo inaweza kubadilishwa na kitu kisichochinjwa. Nalielewa swali, ila naliona dogo kuliko linavyosikika. Kitabu kimoja cha Torati hudumu vizazi na kusomwa na mtaa mzima. Gawanya ngozi zile kwa watu na miaka, kisha rudi kwenye shela yangu ya chini ya kitanda.

Kundi la pili ndilo linaloniumiza kichwa. Marabi waliposema kibanda na vishada vinaweza kutupwa, walikuwa na mshirika ambaye hawakuhitaji kumtaja: kuoza. Sufu inaoza, kuti linaoza, pembe inaoza taratibu. Ruhusa ya kutupa ilitegemea udongo ufanye kazi yake. Weka poliesta ndani ya sheria hiyo na ruhusa inabaki vile vile huku mshirika ameondoka. Hapa ndipo malighafi inaporudi kuwa jambo zito, na nakubali kwamba bibi na mimi hatukuwa tumefika mwisho wa hoja. Kitu ni kazi yake, sawa. Pia ni siku yake ya mwisho.

Siku ya mwisho naijua kwa sanda.

Babu yangu alizikwa Pangani nikiwa kidato cha tatu. Jeneza lilikuwa la msikiti, lile lile lililombeba jirani yake na litakalombeba aliyelibeba. Lilimfikisha kaburini, likarudi kuegemezwa mahali pake. Yeye alilazwa kwenye mwanandani, ndani ya sanda nyeupe ya pamba ambayo tajiri wa sokoni naye alivishwa miezi michache baadaye. Sikuwahi kufikiri kwamba hayo ni mazishi ya kijani, kama yanavyouzwa huku kwa bei ya juu kwa watu waliochoshwa na majeneza ya chuma na makaburi ya zege. Yalikuwa mazishi tu.

Kwa hiyo nilipofika kwenye habari ya Rabban Gamliel niliisoma nikiwa nimesimama. Talmudi inasimulia kwamba ilifika wakati gharama ya kuzika ikawatesa jamaa kuliko kifo chenyewe, hadi wengine wakamwacha maiti na kukimbia. Rabban Gamliel, mtu mkubwa, akaagiza yeye mwenyewe atolewe kwa nguo za kitani rahisi. Watu wakafuata. Baadaye Rav Papa anashuhudia kwamba wanazika hata kwa kitambaa kigumu cha zuzi moja. Pembeni ya habari hiyo kuna nyingine: zamani tajiri alibebwa juu ya kitanda cha fahari na maskini juu ya machela, maskini wakaona haya, ikaamuliwa wote wabebwe juu ya machela. Hadi leo mazishi ya Kiyahudi yanayofuata mila ni sanda nyeupe isiyo na mfuko na, panapotumika jeneza, ubao mtupu.

Sababu inayotolewa pale si ardhi. Ni aibu ya maskini. Kitani kilichooza bila kuacha kitu kilichaguliwa kwa kuwa kila mtu angeweza kukipata, na paa la mabua pia kila mtu angeweza kulipata. Ndipo nilipoelewa kilichonikera kwenye lile duka, hata kabla ya kugeuza lebo. Shela ile ilikuwa na bei ambayo mtu wa sinagogi la mtaani hawezi kuilipa, na ilimwambia, kwa upole na kwa picha ya ukungu, kwamba ya kwake ya poliesta inachafua dunia. Imerudisha kitanda cha fahari, kikiwa kimepakwa rangi ya kijani.

Mwalimu wa semina aliisoma insha yangu mpya akaniandikia pembeni kwamba nimehama kutoka mazingira kwenda haki ya kijamii, nichague moja. Nilimjibu kwa barua pepe ndefu. Sikuituma.

Siku ya nane tulibomoa kibanda. Mabua yalikuwa yamekauka na kuanza kupukutika kwenye supu tangu usiku wa tatu, na ile pembe iliyokosa mkeka tuliizibia matawi ya msonobari yaliyoangushwa na upepo mtaani. Vyote tulivirundika nyuma ya bustani ya jirani anayetengeneza mboji, naye akauliza kama mwakani ataletewa tena. Nguzo zikaingia gereji. Rafiki yangu alikung'uta turubai, akalikagua kwenye mwanga, akapata mpasuko mpya karibu na tundu la kamba, akaubandika gundi ya karatasi ya fedha juu ya mibandiko mingine niliyoihesabu kufika mitano. Baba yake alilinunua yeye akiwa shule ya msingi. Tulilikunja wawili, kila mmoja na ncha zake, tukitembea kukutana katikati.

Mkeka ulikuwa chini muda wote, ndani ya kibanda, ukikaliwa na watoto waliokosa viti. Sasa una doa la karoti. Bibi ameshaambiwa, anasema lifutwe kwa ndimu.